Kuhifadhi kemikali hatari kwenye depo ya mbolea Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye depo na viwanda vidogo vya kuchanganya mbolea, wasimamizi wa stoo, wapakiaji na walinzi wa usiku. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha elezwa, tunakuelekeza kwenye nambari yake.

## Mambo ya kwanza

1. Mbolea inalisha mahindi. Inakuwaje iitwe kemikali hatari?

Si mbolea zote. Urea ikiwa peke yake hailipuki. Kloridi ya potasi haiwaki kabisa. DAP (fosfati ya diamoniumu) na superfosfati vumbi lake linakera macho na koo, basi. Hatari yenyewe iko kwenye mbolea zenye nitrati ya amoniumu, kwenye asidi za kutengenezea mbolea (ya salfa, ya fosfori, ya nitriki) na kwenye gesi ya amonia. Halafu kuna mizigo inayofuatana na biashara: mazutu (dizeli) ya jenereta, dawa za wadudu, klorini ya maji, chokaa.

Bidhaa nyingi kati ya hizi zinatulia zikikaa peke yake. Shida inaanza na ujirani. Bidoni ya mazutu inavuja, mazutu yanakwenda chini ya mrundo wa nitrati, na hakuna anayejua mpaka siku ya moto. Kabla ya kupokea mzigo wowote, jua kwanza utalala karibu na nini.

2. Nitajuaje kilicho ndani ya mfuko?

Soma vitu vitatu. Kwanza, alama ya hatari: mwali wa moto juu ya duara maana yake bidhaa inalisha moto kwa oksijeni, na mwali bila duara maana yake bidhaa yenyewe inawaka. Watu wengi wanazichanganya hizi mbili. Pili, nambari ya Umoja wa Mataifa: 2067 ni mbolea ya nitrati ya amoniumu, 1830 ni asidi ya salfa kali, 1005 ni amonia kavu. Tatu, fishi ya usalama yenye sehemu 16, ambayo muuzaji anapaswa kukupa. Sehemu ya 7 inaeleza uhifadhi, na ya 10 inaeleza bidhaa inagombana na nini.

Mizigo inayopita Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, mara nyingi ina maandishi ya Kiingereza, na ile inayofuata njia nyingine ina Kifaransa. Mpakiaji asiyesoma lugha hizo asiachwe akisie. Bandika kwenye kila mrundo kibao cha Kiswahili chenye jina la bidhaa, tarehe ya kuingia, na maneno mafupi kama "Inalisha moto. Mbali na mafuta."

3. Hii 10-20-10 ya kupandia inaweza kulipuka?

Piga hesabu. Namba hizo tatu ni asilimia ya nitrojeni, fosfati na potasi. Nitrati ya amoniumu safi ina nitrojeni 35%. Hata kama nitrojeni yote ya 10-20-10 ingetoka kwenye nitrati hiyo, isingefika 29% ya mfuko. Hiyo ni mbali na mbolea ya nitrojeni 34.5%, ambayo ni karibu nitrati tupu, au CAN ya 27%, ambayo ni zaidi ya robo tatu nitrati na inayobaki ni unga wa mawe ya chokaa. Kwa hiyo 10-20-10 haiogopwi kwa mlipuko. Ila NPK (mbolea ya nitrojeni, fosfati na potasi kama hiyo) yenye nitrati na kloridi ya potasi pamoja ina ugonjwa wake mwingine, ulioelezwa swali la 23.

4. Mbona nitrati ya amoniumu ndiyo inaogopwa kuliko zote?

Kwa sababu inabeba oksijeni yake ndani. Moto wa makala (mkaa) unaufunika kwa mchanga unakufa. Moto uliofika kwenye nitrati hausubiri hewa ya nje. Inayeyuka karibu na 170°C, na ikipita 210°C inaanza kuvunjika na kutoa gesi zenye sumu. Ili ifike kwenye mlipuko, kwa kawaida mambo matatu hukutana: joto kubwa, uchafu (mafuta, unga wa mbao, salfa, unga wa metali, kloridi) na kufungiwa mahali gesi haitoki.

Texas City, Aprili 1947, ndani ya meli Grandcamp: moto ulipoonekana, milango ya shehena ilifungwa na mvuke ukaingizwa ili kuokoa mzigo. Mvuke uliongeza joto, milango ikafungia gesi, na watu zaidi ya 500 wakafa. Mji wa West, Texas, Aprili 2013: jengo la mbao, vyumba vya mbao, na karibu tani 30 za nitrati zikalipuka. Walikufa watu 15, wengi wao waliokuja kuzima moto. Tani 30 ni kamio moja.

## Jengo

5. Nimepata hangari ya zamani ya bei nafuu. Naweza kuweka mbolea?

Lubumbashi swali la kwanza ni hangari hiyo ilihifadhi nini kabla. Mji huu unaishi kwa shaba, na hangari nyingi zimewahi kulaza salfa ya viwanda vya asidi, chokaa ya viwanda vya madini, simenti, au unga wa shaba na zinki. Vyote hivyo ni maadui wa nitrati. Salfa inawaka. Chokaa na simenti zinafukuza amonia. Unga wa shaba na zinki unafanya nitrati ivunjike kwa joto dogo zaidi.

Fagia kuanzia juu: boriti, kingo za ukuta, halafu sakafu. Vumbi la miaka linakaa juu ya boriti na litaanguka kwenye mifuko yako siku ya upepo. Osha sakafu kwa maji, iache ikauke kabisa. Kwangua madoa ya mafuta, na yaliyozama sana yakatwe na zege limwagwe upya. Ziba kila shimo, mfereji wa ndani na shimo la fundi wa magari: nitrati iliyoyeyuka ikitiririka na kukusanyika humo, imepata mahali pa kufungiwa. Sakafu iwe ya zege, isiwe ya lami, maana lami inawaka. Kuta za matofali. Kama kuna dari au kuta za mbao, ziondoe au chagua jengo lingine. Milango miwili kwa uchache, pande tofauti, na isifungwe kwa kufuli ikiwa watu wako ndani.

6. Masika mbolea inalia maji. Tufanyeje?

Kila mbolea ina kipimo cha unyevu wa hewa ambacho ikikipita inaanza kunywa maji. Kwa 30°C, nitrati ya amoniumu inaanza karibu na 59%, urea karibu na 72%, DAP karibu na 82%, kloridi ya potasi 84%. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ya Lubumbashi inavuka 59% siku nyingi sana, kwa hiyo nitrati ndiyo inayoteseka kwanza.

Msimu wa mvua funga madirisha na matundu ya chini asubuhi na usiku, fungua mchana jua likitoka. Mrundo uwe juu ya paleti na ufunikwe kwa turubai ya plastiki pande zote, isipokuwa pale unapochukulia. Mabati yakaguliwe Septemba, kabla ya mvua ya kwanza. Tundu dogo la msumari linatosha kuharibu mifuko mingi kwa sababu maji yanashuka tabaka kwa tabaka.

7. Na joto la Oktoba?

Hili halizungumzwi vya kutosha. Chembe za nitrati ya amoniumu zinabadili umbo kwenye 32°C. Zikivuka kipimo hicho kwenda juu zinatanuka, zikirudi chini zinasinyaa. Oktoba hapa mchana unafika 32 na kupita, usiku unapoa, na chini ya mabati ni mbaya zaidi. Kila siku mfuko unafanya safari hiyo ya kwenda na kurudi. Baada ya wiki kadhaa punje zinakuwa unga, unga unaganda, mifuko inapasuka.

Acha matundu ya hewa kwenye kilele cha paa. Paka mabati rangi nyeupe. Usifikishe mrundo karibu na paa (swali la 11). Tundika kipimajoto katikati ya depo, urefu wa kichwa cha mrundo, na mtu aandike kipimo cha saa nane mchana. Na kama unaweza, usilaze nitrati nyingi Agosti ukisubiri kupanda kwa Novemba. Leta NPK mapema, nitrati baadaye. Mzigo uliofika ukiwa na joto la 54°C au zaidi, baada ya kukaa juani kwenye kamio, upoe kwanza kivulini nje.

8. SNEL ikikata umeme, tuweke jenereta wapi?

Nje, kwenye kibanda chake cha matofali, angalau mita 10 kutoka ukuta wa depo, chini kidogo ya mteremko ili mazutu yakivuja yasielekee kwenye mlango. Tangi la mazutu liwe ndani ya beseni la zege (swali la 16). Ndani ya depo hakuna bidoni ya mafuta hata ya lita 5, hakuna mshumaa, hakuna taa ya kandili. Tumia tochi au taa za betri.

Nyaya zipite ndani ya mabomba ya plastiki. Vumbi la nitrati likikutana na unyevu linakula shaba, na chumvi inayotokea inavunjika kwa urahisi kuliko nitrati yenyewe. Swichi kuu iwe nje, na izimwe kila jioni.

9. Radi na mioto ya pori?

Katanga inapigwa radi sana. Paratoneri (kikinga radi) iliyounganishwa vizuri ardhini si anasa kwa jengo lenye tani mia za nitrati. Mioto ya pori ni ya Agosti na Septemba, nyasi zikiwa kavu: safisha ukanda wa mita 10 kuzunguka depo, udongo mtupu, na usiruhusu wauza makala wapange mifuko yao kwenye ukuta wako.

10. Mlinzi anaruhusiwa kuwasha mbabula (jiko la makala) usiku wa baridi?

Hapana, si ndani wala barazani. Lakini Juni na Julai usiku unauma, na mlinzi asiye na mahali pa joto ataiwasha ukishaondoka. Mjengee kibanda karibu na geti, mita 20 kutoka depo, na mbabula ikae huko. Ni gharama ndogo kuliko zote zilizotajwa kwenye ukurasa huu, na pengine ndiyo yenye faida kubwa zaidi.

## Kupanga bidhaa

11. Mrundo mmoja uwe mkubwa kiasi gani?

Kwa nitrati, usizidi tani 300 kwa mrundo, yaani mifuko 6,000 ya kilo 50. Acha mita 1 kutoka ukutani, mita 1 kutoka boriti za paa, na njia ya mita 1 kati ya mirundo. Njia kuu ya kupitisha mzigo iwe pana zaidi. Nafasi ya ukutani inapitisha hewa, inakuwezesha kuona mvujo, na siku ya moto maji yanafika nyuma.

Kwa kupanga kwa mkono, tabaka 10 hadi 12 zinatosha, karibu mita 2. Zaidi ya hapo mifuko ya chini inaganda kwa uzito na mrundo unaweza kuangukia watu. Pishanisha mifuko kama matofali. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza.

12. Nini kisilale pamoja na nini?

Nitrati ya amoniumu ikae peke yake, jengo lake au chumba chenye ukuta kamili wa matofali hadi paa. Ndani ya chumba hicho kisiingie mafuta yoyote, salfa (hata ile ya dawa ya ukungu), makala, unga wa mbao, nguo za mafuta, majani makavu, mbegu, asidi, chokaa, simenti, klorini, unga wa metali, wala urea. Mbolea yenye zinki au salfati ya shaba ikae upande wa pili.

Asidi zikae mbali na kila kitu chenye chumvi. Asidi ya salfa ikimwagikia kloridi ya potasi inatoa moshi wa hidrokloriki. Ikimwagikia nitrati inatoa asidi ya nitriki. Ikikutana na klorini ya kusafishia maji inatoa gesi ya klorini, ambayo inaua. Asidi ya nitriki yenyewe isikae hata karibu na asidi ya salfa, wala juu ya paleti ya mbao: inaweza kuwasha mbao bila kiberiti.

Urea, DAP, kloridi ya potasi na NPK za kawaida zinaweza kukaa jengo moja, kila moja na mrundo wake.

13. Urea na nitrati zote ni nitrojeni. Kwa nini zisikae pamoja?

Zikichanganyika zinaitana maji. Kila moja peke yake inaanza kunywa unyevu kwenye 59% na 72%. Mchanganyiko wake unaanza kwenye 18% tu, na hakuna siku Lubumbashi, hata Agosti, ambayo hewa itakuwa kavu kuliko hapo kwa muda wa kutosha. Mfuko mmoja wa urea uliopasuka juu ya nitrati unageuka uji asubuhi. Uji huo unaoza paleti, unapenya mifuko ya chini, na unaharibu mashine ya kuchanganyia. Usitumie koleo moja wala mashine moja kwa zote mbili bila kuosha.

14. Wateja wanataka mbegu, mbolea na dawa dukani pamoja. Inawezekana?

Duka la mbele, ndiyo, kwa kiasi cha siku moja na rafu tofauti. Stoo ya nyuma, hapana. Vidonge vya fosfidi ya alumini vya kulinda mahindi dhidi ya fukuzi vinahitaji angalizo la pekee: vikipata unyevu vinatoa gesi ya fosfini, ambayo inaua kwa kiasi kidogo mno na inaweza kujiwasha yenyewe. Viwe kwenye kabati la chuma linalofungwa, mahali pakavu penye hewa, nje ya jengo wanamolala watu. Vikishika moto usimwagie maji. Hapo unaona tatizo: nitrati inazimwa kwa maji mengi na vidonge havitaki maji kabisa. Vikikaa chumba kimoja hakuna njia sahihi ya kuzima.

15. Paleti za mbao ni mbaya?

Za mbao safi na kavu zinavumilika kwa NPK na urea. Kwa nitrati chagua za plastiki, au weka karatasi nzito ya plastiki katikati. Paleti iliyonywa nitrati inawaka kwa ukali wa kushangaza. Paleti tupu zisirundikwe ndani.

## Asidi na amonia

16. Asidi ya salfa inahifadhiwaje?

Asidi hii inapatikana kwa urahisi hapa kwa sababu ya viwanda vya shaba, na urahisi huo umewafanya watu waizoee. Lita moja ya asidi ya 98% ina uzito wa kilo 1.84. Tangi la plastiki la lita 1,000 lililojaa ni karibu tani 2, na sakafu, paleti na mashine ya kuinulia lazima viweze uzito huo.

Asidi kali ya 98% inakaa salama kwenye chuma cha kawaida au plastiki nzito. Ikichanganyika na maji kidogo inageuka adui wa chuma: inakila na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Kwa hiyo tangi la chuma linaloingiza mvua ni hatari kuliko tangi tupu. Usichomelee wala kukata tangi lililowahi kubeba asidi kabla halijaoshwa na hewa yake kupimwa. Asidi ya fosfori haikai kwenye chuma cha kawaida hata siku moja. Plastiki au chuma kisichoshika kutu.

Kila tangi liwe ndani ya beseni la zege lililopakwa rangi ya kuzuia asidi. Ukubwa wa beseni: 110% ya tangi kubwa kuliko yote, au 25% ya jumla, chukua kubwa. Ukiwa na matangi 4 ya lita 1,000, beseni liwe la lita 1,100. Ukiwa na 6, liwe la lita 1,500. Usiweke tundu la kutolea maji chini ya beseni, maana siku ya ajali litakuwa wazi. Jenga paa, na maji yakiingia yavutwe kwa pampu.

Unapopunguza ukali, mimina asidi ndani ya maji, polepole. Maji ndani ya asidi yanachemka papo hapo na kuirusha usoni.

17. Imemwagika. Tunaanza na nini?

Ondoa watu, kaa upande upepo unakotoka, vaa kinga kamili: glavu ndefu za mpira, ngao ya uso, aproni, buti za mpira na suruali *juu* ya buti, si ndani. Zungushia mchanga mkavu. Usitupe unga wa mbao wala matambara. Kinachobaki kitulize kwa magadi au chokaa, kidogo kidogo kuanzia pembeni, kwa sababu kinachemka. Chokaa hiyo ihifadhiwe upande wa asidi tu, isiingie upande wa nitrati (swali la 12).

18. Maji ya REGIDESO hayana uhakika. Mtu akimwagikiwa?

Weka tangi lako juu ya mnara, maji yashuke yenyewe bila pampu wala umeme. Bafu la dharura linatoa karibu lita 76 kwa dakika, na mtu anahitaji dakika 15 kwa uchache: hiyo ni lita 1,140. Tangi la lita 2,000 ndilo sahihi, na lisitumike kwa kufua wala kunywa. Bafu liwe hatua kumi hivi kutoka kwenye asidi, bila mlango wala ngazi njiani. Nguo zivuliwe chini ya maji. Macho yaoshwe yakiwa wazi, kope zikishikwa. Usipake chokaa, mafuta wala maziwa. Likaguliwe kila Jumatatu.

19. Gesi ya amonia ina sheria gani?

Wachache wanayo, lakini wanaoijua kutokana na mitambo ya barafu wataitambua. Kwa 30°C tangi lake lina shinikizo la karibu baa 11. Lisijazwe zaidi ya 85%, kwa sababu kimiminika kinatanuka juani. Valvu za shaba, shaba nyeupe au zenye zinki haziruhusiwi, amonia inazila. Weka bendera ya upepo inayoonekana kutoka kila kona. Gesi ikivuja, watu wakimbie kukata upepo pembeni. Maji ya kunyunyiza yanaikamata gesi hewani, lakini yasipigwe kwenye dimbwi la amonia ya kimiminika: yanalichemsha na wingu linakua.

## Kazi za kila siku

20. Mifuko imeganda kama jiwe. Tuivunjeje?

Iangushe mfuko chini kwa ubavu kutoka urefu wa goti, mara mbili tatu. Ukikataa, nyundo ya mbao au ya mpira. Hakuna sululu, hakuna moto, hakuna mashine ya kukata. Na kuna jambo linalosemwa kwa mzaha na mafundi wa migodi, kwamba baruti kidogo ingemaliza kazi. Oppau, Ujerumani, tarehe 21 Septemba 1921, ndivyo walivyofanya kwa mrundo wa salfati na nitrati ya amoniumu ulioganda. Walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi kabla. Siku hiyo walikufa watu zaidi ya 500.

21. Mbolea iliyofagiwa sakafuni na mifuko mitupu vinakwenda wapi?

Mbolea iliyomwagika ikiwa safi, irudishe kwenye mfuko wenye kibao na uiuze kwanza. Ikiwa na udongo, itandazwe shambani kwa kiasi cha kawaida. Nitrati iliyoguswa na mafuta ni kesi nyingine: weka kwenye pipa la plastiki lisilofungwa, nje, peke yake, kiasi kidogo, na muulize muuzaji namna ya kuiondoa. Isirudi kwenye mrundo kamwe, wala isitupwe mferejini.

Mifuko mitupu ya nitrati ikung'utwe, ioshwe, na ihesabiwe kama kitu kinachowaka. Watu wanaipenda kwa kubebea makala. Mfuko usiooshwa, wenye unga wa nitrati, ukijazwa makala: usiruhusu utoke getini.

22. Tukague nini kwenye kamio kabla ya kupakia?

Sakafu ya kamio kwanza. Makamio mengi yanapanda na bidhaa moja na kushuka na nyingine, na salfa ya manjano au chokaa vinabaki kwenye pembe. Fagia, osha, kausha. Kisha mvujo wa mafuta ya haidroliki, waya zilizochubuka, tairi za ndani zinazosuguana. Moto wa tairi au breki ndio unaofikia mzigo wa nitrati barabarani. Australia, Angellala Creek, Queensland, mwaka 2014, kamio la nitrati lilishika moto, dereva hakuweza kuuzima, na mlipuko ukavunja daraja. Injini izimwe wakati wa kupakia. Matengenezo yafanyike nje ya geti.

## Moshi na moto

23. NPK inatoa moshi lakini hakuna mwali. Ni nini?

NPK yenye nitrati na kloridi ikipashwa joto sehemu moja, kwa mfano taa iliyozikwa na mbolea au cheche za kuchomelea, inaweza kuanza kujivunja polepole kama sigara inayojiwaka, bila mwali, na kuendelea hata chanzo kikiondolewa. São Francisco do Sul, Brazil, Septemba 2013, ghala liliungua hivyo na mji ukafunikwa na moshi. Moshi huo ni sumu. Mtu asiye na kifaa cha hewa asiingie. Wenye kifaa watafute kiini cha joto na wakielekezee maji mengi moja kwa moja. Kunyunyizia juu hakufiki. Mifuko isiyoguswa itengwe.

24. Moto umetokea depo ya nitrati. Tuzime au tukimbie?

Moto ukiwa bado kwenye kitu kingine, tairi, waya, paleti, uzime mara moja kwa chochote ulichonacho, na uite pompieri papo hapo, usisubiri uone. Fungua milango na matundu yote ili joto na gesi vitoke. Kufunga milango kunafaa kwa moto wa nyumba. Hapa kunaua.

Ukishafika kwenye nitrati, ni maji tu, kwa wingi, kutoka mbali. Povu, unga na gesi ya kaboni havifanyi kitu kwa sababu oksijeni iko ndani (swali la 4). Kama huna maji mengi yenye shinikizo, usijaribu. Ndoo hazizimi mrundo wa tani 100.

Ukiona moshi wa rangi ya machungwa au kahawia, ukiona mbolea inayeyuka na kutiririka, kila mtu aondoke, pompieri pia. Kwa mzigo wa kamio zima unaowaka, mwongozo wa dharura wa Amerika ya Kaskazini unataka watu wawe mbali kilomita 1.6. Katikati ya mtaa wa Lubumbashi hiyo ni maelfu ya watu, kwa hiyo majirani na mkuu wa mtaa wajue mapema ishara ya kengele na njia ya kuondokea. Getini kuwe na karatasi ndani ya plastiki: bidhaa, tani, mahali ilipo. Pompieri wasiojua kilicho ndani hawapaswi kuingia.

25. Maji ya kuzimia yanaishia wapi?

Yakiachwa, mferejini, kisha mto Lubumbashi na visima vya jirani. Maji ya kunywa hayapaswi kuzidi miligramu 50 za nitrati kwa lita, kwa ajili ya watoto wachanga hasa. Andaa mifuko ya mchanga ya kuziba mifereji ya nje na shimo la kukusanyia upande wa chini. Baada ya ajali, visima vya karibu visitumike mpaka vipimwe.

## Karatasi na hali za pembeni

26. Sheria gani zinatuhusu?

Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu kulinda mazingira inadai utafiti wa athari kwa miradi inayoweza kuyadhuru. Kanuni ya kazi, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inahusu afya na usalama wa wafanyakazi, pamoja na kamati ya usalama kazini. Mizigo ya kutoka nje inakaguliwa na OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa. Vipimo tulivyotoa hapa ni vya kiufundi. Kibali chako kikitaka zaidi, fuata kibali.

27. Hesabu ya nitrati haitimii. Mifuko 8 imepungua.

Hesabu tena siku hiyo hiyo, linganisha na karatasi za kutoka. Ikibaki pungufu, toa taarifa kwa polisi kwa maandishi. Nitrati ya amoniumu inafuatiliwa nchi nyingi kwa sababu inaweza kutumiwa vibaya, na kunyamaza kunakugeuza mshukiwa. Uza kwa mtu mwenye shamba au kikundi kinachojulikana, andika jina na kiasi. Anayetaka nitrati pekee, kwa fedha taslimu, bila kujali bei wala zao, mkatalie.

28. Tuna mzigo wa nitrati wenye kesi ya ushuru, hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Tufanye nini wakati tunasubiri?

Usisubiri ukiwa umeufungia mlango na kuusahau. Beirut, tani 2,750 zilishushwa bandarini kwa kesi ya meli na kukaa ghalani miaka, mpaka tarehe 4 Agosti 2020, na zaidi ya watu 200 wakafa. Mzigo uliozuiwa unahitaji uangalizi uleule wa mzigo wa kuuza: kipimajoto kila siku, mifuko iliyopasuka ibadilishwe, hakuna bidhaa nyingine chumbani, hakuna kuchomelea mlango wala paa. Andikia ofisi iliyouzuia, omba ruhusa ya maandishi ya kuutunza na kuugawa katika mirundo midogo, na nakala ipelekwe kwa pompieri. Rudia barua kila mwezi, na tunza nakala zenye muhuri wa kupokelewa.